Mama mkwe anaamini ninaumwa, na Ramadhani imekaribia

Kwa Mshauri wetu mpendwa,

Assalamu alaikum, na salamu kwako pamoja na wasomaji wote. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto watatu, mkazi wa Mombasa, na ninakuandikia kuomba ushauri juu ya jambo ambalo mume wangu na mimi tumelizungumza mara nyingi bila kufikia mwafaka. Miezi mitano hivi iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito jijini Nairobi. Ninapona vizuri, madaktari wameridhika, na mimi mwenyewe sijuti hata kidogo. Linalonikosesha usingizi ni kwamba tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu, ambaye hajui lolote kuhusu upasuaji huo, na kwa kuona ninavyopungua na ninavyokula amekwisha kuamini kwamba nina maradhi makubwa ninayomficha.

Naomba kwanza nieleze hali yenyewe, maana wengi wanausikia upasuaji huu kwa juu juu na kudhani kwamba mtu hukatwa mafuta akarudi nyumbani mwembamba. Nilikuwa na kilo 124, ugonjwa wa sukari uliopanda mwaka hadi mwaka, presha, na magoti yaliyonifanya nipande ngazi za nyumba yetu kwa kujivuta kwenye ukuta. Kupunguza chakula nilikujaribu kwa miaka mingi. Uzito ulishuka, kisha ukarudi na nyongeza. Daktari wangu wa sukari ndiye aliyenishauri nionane na mpasuaji. Niliofanyiwa mimi ni ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu au zaidi, ukabaki mfuko mwembamba mrefu mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, kwa hiyo mtu hapunguziwi nafasi ya chakula peke yake, bali hata njaa yenyewe hutulia, angalau katika miezi ya mwanzo.

Siku za hospitalini hazikuwa nzito kama nilivyoziogopa. Wapasuaji hufanya kazi yao kupitia matundu madogo tumboni, na ili waone vizuri hulijaza tumbo gesi. Gesi hiyo ndiyo iliyoniuma baadaye, tena begani, kuliko vidonda vyenyewe. Muuguzi alinisimamisha jioni ile ile nikatembea ukumbini nikishikilia ukuta, kwa sababu damu ikikaa bila mwendo huweza kuganda miguuni. Nilipewa maji katika kikombe kidogo cha dawa, nikaambiwa ninywe funda dogo, nisubiri, kisha ninywe jingine, na hivyo ndivyo ninavyokunywa maji hadi leo, kutwa nzima, chupa ikiwa kando yangu. Baada ya kuruhusiwa nilikaa kwa dada yangu anayeishi huko huko Nairobi, nikapita hatua ya supu ya kuku iliyochujwa na maziwa, kisha vyakula vya kusaga, kisha vyakula laini. Mama mkwe alijua tu kwamba nimekwenda kwa dada. Aliponiona tena nilikuwa tayari nimepungua, na kwa miezi iliyofuata niliendelea kupungua mbele ya macho yake.

Sasa ninaruhusiwa kula karibu kila kitu, lakini kula kwangu si kule alikokuzoea. Nusu kikombe cha chakula kinanitosha. Huanza na samaki, yai au kuku, kwa sababu natakiwa nipate gramu 60 za protini kwa siku na nafasi ni ndogo. Hutafuna mpaka chakula kilainike kabisa. Sinywi kitu pamoja na chakula, na baada ya kula husubiri nusu saa ndipo niguse maji. Pua ikianza kunitiririka najua nimeshiba, na nikipuuza dalili hiyo nikaongeza tonge moja, basi tonge hilo hukaa nyuma ya kifua, mate hunijaa mdomoni, na hulazimika kuinuka haraka kwenda msalani. Mkate na nyama kavu hunitenda hivyo, lakini kinachonisumbua zaidi ya vyote ni wali. Nawe unajua, Mshauri, kwamba katika nyumba ya Waswahili mtu asiyekula wali hana pa kujificha.

Ijumaa baada ya sala tunakula sinia moja, wanawake upande wetu. Mama mkwe hukaa kulia kwangu. Tangu nilipoolewa amekuwa na desturi ya kumchambua samaki kwa vidole vyake, akatoa miiba mmoja mmoja, kisha akausukuma mnofu mpaka upande wangu wa sinia bila kusema neno. Hajawahi kunifanyia tofauti na binti zake wa kuzaa, na wakati mwingine wao wenyewe hulalamika kwamba ananipendelea. Hivi sasa huusukuma mnofu ule, nami hula vipande vichache, kisha naona mkono wake umesimama akiningojea. Husema, "Kula mwanangu, mbona unadonoa?" Nikimwambia nimeshiba huacha kula na yeye. Nimejitahidi kukaa hapo mpaka mwisho, nikivuta chembe za wali kwa vidole ili nionekane nashughulika, lakini hadanganyiki, maana amelea watu wengi na anajua mtu anayekula anavyokuwa.

Jambo lililozidisha hofu yake ni nywele. Yapata mwezi wa tatu zilianza kunyonyoka kwa wingi. Daktari alikuwa amenionya kwamba mwili ukipata mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka, nywele nyingi huingia katika hali ya mapumziko kwa pamoja kisha zikatoka, na kwamba zitarudi iwapo nitazingatia protini, madini ya chuma na vitamini nilizoandikiwa. Kwa hiyo mimi sikushtuka sana. Lakini mama mkwe ndiye anayenisuka. Jioni moja alikuwa nyuma yangu na kitana, na shungi la nywele likabaki mkononi mwake. Alinyamaza, akamaliza kusuka zilizosalia, akaingia chumbani kwake. Kesho yake aliniletea kombe la zafarani alilomwomba mwalimu aniandikie, nami nililinywa mafunda madogo madogo mbele yake, moyo ukiniuma kwa sababu nilijua hakulala usiku ule.

Haikuishia kwake. Wifi yangu mkubwa aliniita faragha akaniuliza kama nimepima, akaniapia kwamba hatanihukumu, na kwamba siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi. Nilimshukuru kwa dhati kwa kuwa aliuliza kwa upendo. Lakini nilitambua kwamba ikiwa yeye amefikia kuniuliza, basi mtaani yamekwisha kusemwa.

Utauliza kwa nini hatukusema tangu mwanzo. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifariki siku chache baada ya kufanyiwa operesheni, na tangu hapo mama mkwe hataki kulisikia neno hilo. Ana mtoto wa jicho katika jicho la kulia, ameambiwa na zaidi ya daktari mmoja kwamba ni jambo la kutibika kwa muda mfupi, naye ameshikilia kwamba heri aone ukungu kuliko kulala kwenye meza ile. Presha yake nayo haitabiriki. Mume wangu aliona kwamba tukimwambia kabla, angeishi siku zile kwa hofu na pengine angenizuia. Na sasa anasema kwamba tukimwambia baadaye, atahisi alitengwa na wanawe katika jambo la kufa na kupona. Mimi nilikubaliana naye wakati ule, na naelewa hadi leo kwa nini anamhofia mama yake.

Kuna pia maneno ya watu kwamba mwenye kufanya upasuaji huu amekataa maumbile aliyopewa na Mola wake. Hilo halinitii shaka. Sheikh tuliyemuuliza alitujibu kwamba kutibu maradhi si sawa na kujibadilisha kwa ajili ya urembo, na maradhi yangu yalikuwa na majina na vipimo. Dawa za sukari nimezipunguza kwa maelekezo ya daktari mpaka nikaziacha, na ngazi zile za nyumbani napanda sasa nikiwa nimembeba mtoto wangu mdogo.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba kupona ni kushuka kwa mizani tu. Zipo wiki ambazo uzito haukushuka hata kidogo ingawa nilifuata kila nililoambiwa. Zipo siku za baridi isiyo ya kawaida, mtu wa Mombasa nikajifunika shuka mchana. Na upo upweke ambao sikuutarajia. Zamani nikichoka au nikiudhika nilikuwa na pa kukimbilia: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, sahani ya biriani iliyobaki harusini. Bado nawapikia watu vyakula hivyo, na bado harufu yake naipenda, lakini havinipi tena faraja ile, na uchovu na maudhi yamebaki pale pale bila kitu cha kuyatuliza. Mtaalamu wa lishe aliniambia kwamba wengi hupita katika huzuni hii na akanisihi nisiione kuwa ni utovu wa shukrani. Mtu wa kwanza ambaye ningemweleza huzuni kama hiyo, katika nyumba yetu, ni mama mkwe.

Sasa Ramadhani inakuja, na ndiyo inayonisukuma nikuandikie. Daktari amenikataza kufunga mpaka mwaka upite, kwa sababu siwezi kunywa maji mengi kwa mara moja, na kiasi cha maji na protini ninachohitaji hakiwezi kuingia baina ya magharibi na alfajiri kwa mfuko wa ukubwa huu. Kwa upande wa dini sina wasiwasi, kwa kuwa Qurani imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, nami nitalipa. Lakini nitakuwa nakunywa maji mchana kutwa ndani ya nyumba ambamo kila mtu amefunga, na nitakapoulizwa ni mgonjwa wa nini, nijibu nini? Hata jioni haitakuwa nafuu. Futari ya mama mkwe ni kaimati zilizotiwa shira, tambi za sukari na muhogo wa nazi, na sukari nyingi ikiniingia kwa ghafla hunitoa jasho na moyo hunienda mbio hadi nilazimike kulala.

Mume wangu amependekeza tuseme kwamba nina vidonda vya tumbo. Nimekataa. Najua mama mkwe atakavyofanya: ataanza kunitafutia dawa za vidonda, na kila dawa itahitaji uongo mwingine. Tena kuna hatari ya kweli. Usiku mmoja, mume wangu akiwa zamu bandarini, mgongo uliniuma, na mama mkwe akanijia na kidonge cha diklofenaki anachotumia kwa magoti yake. Dawa za aina hiyo nimekatazwa kwa sababu zinaweza kuuchubua mfuko uliobaki. Nilikataa nikamwambia maumivu yametulia, naye akaenda zake akiwa ameumia, kana kwamba nimeikataa huruma yake. Vilevile watu wanaopungua haraka hupatwa na vijiwe vya nyongo kwa urahisi zaidi, na nimeambiwa kwamba nikipata homa au maumivu makali ya tumbo nisingoje asubuhi. Nikizidiwa usiku mume wangu hayupo, mtu mzima atakayenipeleka hospitali ni mama mkwe, na hatajua hata la kumwambia daktari.

Kwa hiyo mimi nimeelekea upande wa kumwambia, tena kabla ya mwezi kuandama. Mume wangu anashikilia tusubiri mpaka baada ya Idi, na anasema kwamba habari ya mama yake ni yake yeye kuamua. Katika ndoa yetu hatujazoea mmoja kumpita mwenzake, na sitaki nianze sasa, ila naona kila siku ninayonyamaza mama huyu anazidi kudhoofika kwa ajili yangu.

Naomba ushauri wako, Mshauri, na wa wasomaji ambao wamewahi kupita njia hii. Je, ni haki yangu kumweleza mama mkwe habari za mwili wangu mwenyewe ikiwa mume wangu hajaridhia? Kama tutakubaliana, nani afungue mazungumzo: mume wangu, mimi, au tumtangulize mama mdogo wa mume wangu, ambaye anapendana sana na mama mkwe na ambaye mwenyewe amewahi kufanyiwa operesheni akapona? Nianze na lipi ili asibaki kwenye neno operesheni peke yake, akakosa kusikia kwamba nimepona na kwamba sukari imeshuka? Na nyinyi mliofanyiwa upasuaji huu na mnaishi na wakwe au wazazi, mnaketi vipi kwenye sinia moja na watu mnaowapenda ilhali chakula chenu ni cha nusu kikombe, na mwaka wa pili hali huwaje?

Majibu nitayangojea kwa hamu, na ikiwezekana yatufikie kabla ya Shaabani kwisha.

Ni mimi msomaji wako,
Mke na mkwe, Mombasa