Risala ya Kikundi cha Watafiti wa Mimea ya Shaba kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Profesa, wakuu wa kitivo, maprofesa na wasaidizi, wanafunzi wenzetu, na wewe baba dereva, ambaye bila wewe hakuna hata mfuko mmoja wa udongo ungefika maabara: jambo kwenu wote.

Mama, karibu nyumbani, utufungulie kabati letu la mimea iliyokaushwa. Tunasema nyumbani kwa sababu ulikulia Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kabla ya kwenda Ubelgiji, na hata leo ukikasirika kwenye simu unakiacha Kifaransa unarudi kwenye Kiswahili cha huku. Ndiyo maana risala hii ni ya Kiswahili. Ripoti zetu za mwaka tulikuandikia kwa Kifaransa, nazo zote zilisema mambo yanakwenda vizuri.

Tuko watu 14: wanane hapa, wanne Ubelgiji, wawili Brazili katika jimbo la Minas Gerais, ambalo jina lake lenyewe linataja migodi. Kazi yetu ni mimea ya vilima vya shaba, pale ambapo miti ya miombo inashindwa kuota. Watafuta madini wa zamani waliufuata mmea mmoja, Haumaniastrum katangense, ili kujua shaba imelala wapi. Mingine ya vilima hivyo haipatikani popote duniani isipokuwa Katanga. Kilima kikichimbwa chote, nayo imekwenda. Wabrazili wana mimea yao juu ya miamba ya chuma, na mmoja wao ndiye aliyetufundisha kukusanya mbegu bila kuua shina. Kwa hilo tunashukuru kwa moyo wote.

Sasa turuhusu tuseme habari ya saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na saa zetu hazisogezwi mwaka mzima. Ubelgiji wanazisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, wanazirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa joto lao tunakwenda sawa. Baridi ikianza, wanabaki nyuma yetu kwa saa moja. Brazili waliuacha mchezo huo mwaka 2019.

Jumatatu moja mwishoni mwa Oktoba, Ubelgiji wakiwa wamerudisha saa jana yake, tuliketi kwenye mkutano wetu wa mtandaoni saa tisa alasiri, kama kawaida. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, tukachanga pesa ya lita mbili za petroli, tukawasha jenereta. Kwenye skrini tukaona nyuso zetu wenyewe tu. Tukasubiri, mega zinaisha. Saa kumi kamili Ubelgiji wakaingia, Brazili wakaingia, mtu akasema «Bonjour Lubumbashi», jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Siku ya tatu tukaletewa muhtasari. Mbele ya jina la Lubumbashi paliandikwa: hawakuhudhuria. Na ni katika mkutano huo ilipoamuliwa nani ataandika makala ya kwanza. (Ya kusoma, Mama, si makala ya huku kwetu, yaani makaa ya kupikia bukari, ugali wetu. Hayo ya kupikia tulikuwa nayo ya kutosha.) Majina yetu yalitoka mwishoni, kwenye shukrani, pamoja na la baba dereva.

Jambo la fedha linafanana na hilo. Mvua ya kwetu inaanza karibu na Novemba na kukatika mwisho wa Machi hivi, na mimea mingi ya shaba inachanua mvua zikikaribia kwisha. Fedha za mradi zinafuata bajeti ya huko Ubelgiji. Mwaka jana zilitufikia Juni. Juni kilimani kuna majani makavu na majivu ya moto wa porini. Tulikodi gari hata hivyo, tukapiga picha za vijiti. Wewe mwenyewe ulituuliza kwa barua pepe: maua yako wapi?

Sisi nasi tuna kosa letu, tusilifiche. Mikutano inafanyika kwa Kiingereza, lugha ambayo katika watu 14 haikuwa ya mama wa yeyote. Mkubwa akisema jambo tusilokubaliana nalo, tunanyamaza kwa heshima, kama tulivyolelewa. Kunyamaza huko kunahesabiwa ni kukubali. Tarehe ya Juni ya kuleta fedha ilisomwa mbele yetu, watu wanane, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kwa hiyo tunaomba saa ya mkutano ipangwe kwa saa ya Lubumbashi, kwa kuwa haitikisiki, na kalenda ishikwe na mtu wa hapa. Upande mmoja ukikatika, uamuzi ungoje siku mbili, watu wajibu kwa maandishi. Kwa maandishi sisi si waoga. Fedha za uwandani ziwe mkononi kabla ya Januari. Na kila mmea unaobanwa kwenye magazeti na kukaushwa, nakala moja ibaki katika kabati hili unalotufungulia leo, ili mwanafunzi wa hapa asiombe viza kwenda kutazama ua la barabara ya Kipushi. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inazungumzia kugawana faida za mimea na viumbe vingine. Tuanze na kugawana mimea.

Ndani ya bahasha hii kuna kalenda ya mwaka ujao. Tumeichora kwa mkono: mvua kwa kalamu ya bluu, maua kwa nyekundu, mikutano kwa nyeusi. Nafasi ya sahihi yako iko chini, upande wa kulia, na kalamu tunayo.

Naomba kuwasilisha.