Kuunganisha mamlaka za serikali: tunapima kwa nadharia ipi?

Mhariri,

Tangu Bunge la Uganda lipitishe mwaka 2024 sheria zilizorudisha Mamlaka ya Barabara (UNRA) na Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa (UCDA) chini ya wizara, wanaoandika katika safu hii wamekuwa wakibishana zaidi juu ya mishahara na magari yatakayookolewa. Hoja ya gharama ina uzito, lakini imejengwa juu ya dhana moja tu: kwamba taasisi ni chombo cha kufanyia kazi fulani, na chombo kikizidi bei hubadilishwa. Wataalamu wa nadharia za taasisi wameikosoa dhana hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1961 Burns na Stalker, waliochunguza viwanda vya elektroniki huko Uskoti, walionyesha kwamba ngazi ndefu za amri hufaa pale mambo yanapotulia, ila mazingira yakibadilika upesi hufaa muundo mlegevu, ambamo mwenye ujuzi huamua bila kungoja saini tatu. Kwa kipimo hicho kahawa si sawa na ofisi ya kutunza mafaili. Bei ya kahawa aina ya robusta hupangwa London, na Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya kudai ijulikane shamba ambako kila gunia limetoka. Kwa hiyo kuzipeleka mamlaka zote wizarani kwa kanuni moja ni jambo ambalo nadharia hii ingelikataa tangu mwanzo.

Pfeffer na Salancik, mwaka 1978, waliuliza swali jingine: nani anashika mfuko? Ofisi inayopata fungu lake kupitia wizara itamsikiliza katibu mkuu kwanza, na mkulima wa Masaka au wa Bugisu baadaye, hata kama watumishi wake ni wale wale na nia yao ni njema.

Hata hivyo, nadharia ninayoiona inatugusa zaidi ni ile ya kitaasisi, ya Meyer na Rowan (1977), kisha DiMaggio na Powell (1983). Hawa wanasema taasisi hufanana si kwa sababu mfanano huo unaleta tija, bali kwa sababu zinalazimishwa, zinaigana, au zinaongozwa na watu waliosomea mambo yale yale. Tazameni mamlaka za mapato: ya kwetu (URA) ilianza 1991, ya Kenya 1995, ya Tanzania 1996. Sisemi URA haikufaa, imefaa. Nasema kwamba nchi tatu zenye uchumi na siasa tofauti kuchagua umbo lile lile ndani ya miaka michache ni jambo lisiloelezwa na hesabu ya gharama peke yake, kwani wafadhili walikuwa mezani na jirani alikuwa akitazamwa. Aliyeunda mamlaka kwa kuiga anaweza pia kuzivunja kwa kuiga.

Wanazuoni hao walieleza pia jinsi umbo la nje linavyoachana na kazi ya ndani, na hili halihitaji safari ya Kampala kulithibitisha. Chini ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa 2022, kila parishi, yaani eneo dogo la utawala, ilitakiwa kuwa na SACCO (ushirika wa akiba na mikopo) ili ipokee shilingi milioni 100 kwa mwaka. Nimeshika mkononi katiba ya SACCO moja ya mashariki ambayo, katika ukurasa wa kamati ya mikopo, bado ina jina la parishi nyingine. Mihuri ipo, kamati zote zipo kwenye karatasi, na mikopo huamuliwa na watu wawili chini ya mwembe. Mkaguzi akija atakuta kila kitu kimekamilika. Anayefikiri kwa dhana ya chombo ataagiza mafunzo zaidi. Anayefuata Meyer na Rowan atajua kwamba karatasi zile ziliandikwa kwa ajili ya mkaguzi, si kwa ajili ya mkopaji.

Ombi langu kwa Wizara ya Utumishi wa Umma ni kwamba, kwa kila mamlaka iliyounganishwa, itangaze pamoja na fedha zilizookolewa ni maamuzi gani sasa yanapita ngazi ngapi, na ni nani anayeidhinisha bajeti yake. Wakulima wa kahawa wangeanza na swali dogo kuliko hayo: cheti cha ubora wa shehena kinachukua siku ngapi leo, na kilichukua ngapi kabla ya sheria?

Mwalimu wa utawala,
Mbale