Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uchukuzi, Washington

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu,
Baraza la Wawakilishi, Marekani.

YAH: WASAIDIZI WA BUNGE WANAOGEUKA WASHAWISHI WA KULIPWA

Salaam. Nakala ya Kiingereza imetumwa ofisini kwako. Hii ni ya madereva wenzangu wa malori tunaosalimiana kwa Kiswahili kwenye vituo vya mafuta toka Texas hadi Ohio.

Sheria ya miundombinu ya 2021 iliwekewa ukomo wa 30 Septemba 2026, na ukomo wa namna hiyo, unaolazimu muswada mpya uandikwe, ni msimu wa mavuno kwa waliowahi kuwa wasaidizi wenu na sasa ni washawishi. Sina ugomvi na mtu kubadili kazi. Aliyekesha miaka akiandika vifungu ana haki ya kutafuta mshahara mnono. Ninachohoji ni kile anachouza. Ujuzi wa barabara wanao wahandisi. Yeye anauza kujuana. Anajua nani anashika rasimu, na kifungu kikichomekwa saa ngapi hakuna atakayekisoma.

Akiwa amepitia na Kamati ya Maliasili, ndiyo kabisa. Tazama barabara ya Ambler inayopangwa kujengwa kule Alaska: maili 211, ikate hifadhi ya Gates of the Arctic, kwa ajili ya migodi ya shaba na zinki, raia wa kawaida asiipite. Serikali iliikataa 2024, ikaikubali 2025. Huo ni uchukuzi au maliasili? Mwenye kujua milango ya kamati zote mbili hakosi mteja.

Sheria inamtaka msaidizi wa ngazi ya juu asubiri mwaka mmoja kabla ya kuishawishi ofisi au kamati aliyoitumikia. Mwaka! Muswada wa barabara wenyewe huiva kwa muda mrefu kuliko huo. Tena kizuizi kinamgusa anayelipwa kuanzia asilimia 75 ya mshahara wa mbunge. Wa chini yake anaondoka leo, kesho yuko mezani kwenu. Na hata anayebanwa, kukaa nyuma ya pazia akimwelekeza mwenzake aseme nini ni ruksa.

Nimezisoma fomu ambazo washawishi hutakiwa kujaza kila robo mwaka. Kuna alama ya TRU kwa malori, NAT kwa maliasili, kuna na kiasi cha fedha. Ukifika pa kuonyesha walimwona nani, limeandikwa Baraza la Wawakilishi, basi. Wabunge 435!

Wenye fedha wana washawishi; sisi madereva tulikuwa na mjane. Mwaka 2009 dereva Jason Rivenburg alikosa pa kuegesha South Carolina, akalala kwenye kituo cha mafuta kilichohamwa, akauawa kwa dola 7. Mkewe, Hope, alihangaika hadi Sheria ya Jason, ya maegesho salama ya malori, ikapita 2012. Mwaka 2021 baraza lenu lilipitisha dola bilioni moja za maegesho ya malori. Sheria ya miundombinu iliyosainiwa Novemba haikuwa na fungu hilo. Nani aliombwa aliondoe fungu hilo, na nani alimwomba? Fomu hazisemi.

Kuongeza mwaka huo uwe miwili, na kuhesabu ushauri wa nyuma ya pazia, kutahitaji kura za wengi. Lakini hili kamati yako inaliweza bila kura ya Seneti: kila wiki tangazeni mshawishi gani alikutana na mbunge au msaidizi gani wa kamati, kwa kifungu kipi, na kama aliwahi kufanya kazi kwenu.

Naomba jibu kwa maandishi kabla rasimu haijafika ukumbini.

Wako,
Dereva wa lori na mpiga kura