Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha wakulima wa mboga kwa mwaka unaoisha. Masuala ya vikao na hesabu yamo katika taarifa za Katibu na Mweka Hazina, nami sitayarudia. Nitajikita katika jambo lililotugawa tangu masika, nalo ni maji.

Mtakumbuka kuwa mkutano uliopita uliazimia gulio letu la Jumamosi lisipokee tena mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya Mto Msimbazi. Azimio lilikuwa rahisi kupitisha, lakini kulitekeleza kumetutoa jasho. Mto huo huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Jangwani hadi baharini karibu na Daraja la Selander, na njia nzima hupokea majitaka ya viwanda na ya makazi. Watafiti waliopima mchicha wa bondeni kwa nyakati tofauti wamekuta ndani yake metali nzito, ikiwemo madini ya risasi, ambayo ni sumu mwilini. Wapo kati yetu walioamini kwamba kuosha mboga vizuri kunatosha. Kuosha huondoa udongo na kupunguza vimelea, lakini risasi iliyokwisha kunyonywa na mizizi ikafika kwenye jani haioshwi, wala haimalizwi kwa kuchemsha.

Baadhi ya wenzetu waliokuwa wakilima bondeni walijitoa, na siwezi kuwalaumu. Mtu anayepanda mchicha leo, akaung'oa baada ya wiki tatu au nne na kuuza mafungu ili mtoto apate nauli ya shule, hawezi kuambiwa aache shamba bila kuonyeshwa pa kwenda. Hapo uongozi ulikosea, kwa kuwa tulitangulia kukataza kabla hatujatafuta eneo mbadala.

Jaribio la kwanza lilikuwa Kigamboni. Fundi aliyetuahidi maji baridi alikuwa ameshachukua fedha yake pale kisima kilipotoa maji ya chumvi, jambo ambalo si geni kwa visima vya karibu na pwani, na miche ya nyanya ikaungua kingo za majani mbele ya macho yetu. Eneo la Chanika tulilokodi baadaye lina maji mazuri, ila udongo wake ni kichanga kitupu kisichoshika maji wala rutuba.

Ndipo mboji ilipotuokoa. Guta huleta maganda na vikonyo vya mikungu ya ndizi kutoka soko la Mabibo, navyo hupangwa kwa tabaka pamoja na majani makavu na samadi ya kuku, kisha kijiti kirefu huchomekwa katikati ya lundo. Kikichomolewa baada ya siku chache kikawa cha moto, lundo linaiva. Kikitoka kikiwa baridi, limekosa maji au hewa, nasi huligeuza. Waliokuwa na haraka wakamwaga samadi mbichi matutani waliunguza matembele yao, na sasa ndio walinzi wakali wa kijiti.

Kuhusu soko, mgahawa mmoja uliokuwa ukichukua bamia na majani ya kunde bado haujatulipa. Tumeacha kuupelekea.

Tunaendelea na maandalizi ya kuomba nembo ya Kilimohai, inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, kilichopitishwa mwaka 2007. Tumechagua njia ya uthibitisho shirikishi, ambapo wakulima hukaguana, kwa hiyo naomba daftari la kila shamba lijazwe na mwenye shamba, si na mjukuu wake usiku wa kuamkia ukaguzi.

Kuhusu mtaji, mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Chama chetu ni cha mchanganyiko, hivyo hakimo katika makundi hayo. Uongozi unapendekeza akina mama wa Chanika wasajili kikundi chao, huku wakibaki wanachama wetu.

Pendekezo la pili linahitaji kura yenu. Wenzetu waliojitoa wameomba kurudi na kupewa matuta Chanika. Uongozi unashauri wapokewe bila kutozwa kiingilio upya. Barua zao ziko kwa Katibu.

Mwenyekiti
Dar es Salaam