Nyumba za sanaa za Marekani zikifungwa, madaftari yake yaende wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja ambalo kurasa za utamaduni hulipita kwa mbio. Mchoro wa Marekani unapouzwa mnadani kwa bei ya kushtua, kama ule wa Andy Warhol wenye sura ya Marilyn Monroe uliochukuliwa kwa dola milioni 195 mjini New York mwezi Mei 2022, msomaji huambiwa jina la mchoraji, bei, na labda shangwe za ukumbini nyundo ilipogongwa. Haambiwi mnunuzi wa mali ya namna hiyo hujuaje kwamba hajauziwa mbuzi kwenye gunia. Hujua kwa karatasi: ankara ya kwanza, kadi ya bohari, barua ya kuazimisha mchoro kwa maonyesho, stakabadhi ya msafirishaji. Na karatasi hizo, kwa sehemu kubwa, huzaliwa katika ofisi za nyumba za sanaa, yaani yale maduka yanayowawakilisha wachoraji na kuuza kazi zao.

Hoja yangu ni kwamba nyaraka hizo zihifadhiwe zikiwa nzima, na kwamba zile zinazochosha kusoma ndizo zinazostahili ulinzi zaidi. Nasema hivyo kwa sababu nimeona kinyume chake kikifanyika.

Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa kwa majuma machache kusaidia kuhamisha ofisi ya nyumba moja ya sanaa huko Manhattan, ambayo sitaitaja, baada ya mwenyewe kufariki dunia. Ndugu zake walikuwa watu waungwana, ila walikuwa na haraka, kwa kuwa mkataba wa pango ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Walipitia makabrasha wakachomoa barua zilizotiwa sahihi na wachoraji wenye majina, wakazipanga kwenye bahasha za plastiki ili zipelekwe kwa dalali. Madroo mawili ya kadi za bohari, leja za malipo na mafungu ya ankara yalikuwa yameshashushwa kwenye kontena la taka kabla sijafika. Siku ya tatu nilishika barua moja kati ya zile zilizookolewa. Mchoraji alikuwa anauliza, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, kama namba 1127 imeshalipiwa, na kama mwenye 1127 angekubali kuiazimisha kwa majira ya kuchipua. Barua yote ndiyo hiyo. Kadi pekee ingeweza kutwambia 1127 ilikuwa mchoro gani, wa ukubwa gani, uliuzwa kwa nani na kwa kiasi gani. Sahihi ilikuwepo, na dalali aliipenda, lakini mtafiti atakayeinunua barua ile atakuwa amenunua swali lisilo na jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii mambo hugeuka: daftari likipotea mali hubaki ikining'inia ukutani, ila habari zake ndizo zinazopotea, na pengo hilo ndilo mlango wa matapeli.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Knoedler. Nyumba hiyo ilianza New York mwaka 1846 kama tawi la kampuni ya Goupil ya Paris, Michael Knoedler akainunua mwaka 1857, na kwa zaidi ya karne moja na nusu ikauza michoro kwa matajiri wakubwa wa nchi ile. Kupitia kwake ndipo Andrew Mellon alipopata michoro 21 ya jumba la makumbusho la Hermitage la Urusi ambayo serikali ya Kisovieti iliiuza mwaka 1930 na 1931, na ambayo leo imo katika National Gallery of Art mjini Washington. Madaftari yake ya bohari yaliandikwa kwa nidhamu ya mhasibu: namba, mchoraji, jina la mchoro, vipimo, ulinunuliwa kwa nani na lini, uliuzwa kwa nani na lini, na bei zote mbili. Wafanyabiashara wengi wa zama hizo waliificha bei ya kununulia kwa herufi, kila herufi ikisimama badala ya tarakimu, ili mteja akichungulia daftari asijue faida ya mwenye duka.

Sasa tazama kejeli yake. Nyumba hiyohiyo, yenye madaftari ambayo hayakuwa na mfano katika Marekani, ndiyo iliyouza kwa miaka mingi michoro bandia iliyoletwa na muuza sanaa Glafira Rosales, michoro iliyodaiwa kuwa ya Jackson Pollock, Mark Rothko na wenzao, kumbe ilichorwa na mtu mmoja huko Queens. Waendesha mashtaka walisema kazi zaidi ya 60 zilipitia nyumba mbili za sanaa za New York na kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 80. Michoro hiyo haikuwa na ankara, wala barua, wala picha ya maonyesho. Ilikuwa na hadithi tu ya mwenye mali asiyetaka jina lake lijulikane. Mmoja ulikuwa hata na sahihi ya Pollock iliyopungukiwa herufi. Knoedler ilifungwa Novemba 2011, Rosales akakiri makosa mwaka 2013, na wanunuzi mmoja mmoja wakaenda mahakamani. Mtu anaweza kusema kwamba madaftari hayakuzuia chochote. Mimi naona yalikuwa yamejibu tayari, kwa kutokuwa na lolote la kusema juu ya michoro ile, na waliouza hawakutaka kulisikia jibu hilo.

Jambo jema lililotokana na balaa hilo ni kwamba mwaka 2012 nyaraka zote za Knoedler zilinunuliwa na Getty Research Institute ya Los Angeles, badala ya kugawanywa vipande vipande. Madaftari ya michoro ya kuanzia mwaka 1872 hadi 1970 yamepigwa picha na kunakiliwa kwenye kanzidata ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuitafuta bure. Nimeitumia mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi mstari mmoja wa mhasibu wa mwaka 1910 unavyoweza kumaliza ubishi ambao wanazuoni watatu wameuandikia kurasa.

Si kwamba Wamarekani hawakuliona jambo hili mapema. Mwaka 1954 Edgar Richardson, mkurugenzi wa jumba la makumbusho ya sanaa la Detroit, na mkusanyaji Lawrence Fleischman walianzisha Archives of American Art, yaani hifadhi ya nyaraka za sanaa ya Marekani, mwanzoni kwa nia ya kupiga nyaraka picha za filamu ndogo ili zisomwe mahali pamoja. Mwaka 1970 taasisi hiyo ikaingia chini ya Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho ya taifa. Humo zimo nyaraka za Macbeth Gallery, iliyofunguliwa mwaka 1892 kwa ajili ya wachoraji wa Marekani wakati matajiri walipokuwa wakitafuta wa Ulaya tu. Zimo pia za Leo Castelli, aliyeanza biashara mwaka 1957 nyumbani kwake, Mtaa wa 77 Mashariki, na ambazo familia yake ilizitoa mwaka 2007. Hizo pekee hujaza zaidi ya mita 60 za rafu.

Zimo vilevile za Downtown Gallery ya Edith Halpert, na hizi ndizo ninazozipenda. Mwaka 1941 Halpert alionyesha mfululizo wa Jacob Lawrence, kijana mweusi wa miaka 24, wenye vibao 60 kuhusu uhamaji wa Wamarekani weusi kutoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini. Kazi hiyo moja ikagawanywa kati ya majumba mawili: vibao vya namba witiri viko Phillips Collection, Washington, na vya namba shufwa viko Museum of Modern Art, New York. Ukisimama mbele ya vibao hivyo hutajua kwa nini viligawanywa namna hiyo, nani alisitasita, nani alilipa. Mambo hayo huandikwa kwenye barua za biashara, zile zinazoanza na "kuhusu ankara yetu ya tarehe fulani", ambazo hakuna dalali atakayezitilia plastiki.

Haki za watu nazo zimelalia humo. Mchekeshaji wa Vienna, Fritz Grünbaum, aliyefia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau mwaka 1941, alikuwa na mkusanyo wa kazi za mchoraji wa Austria, Egon Schiele. Kazi kadhaa zilizohusishwa na mkusanyo huo zilivuka bahari baada ya Otto Kallir, mwenye Galerie St. Etienne ya New York, kuzinunua mwaka 1956 kwa mfanyabiashara wa Bern, Uswisi. Septemba 2023 kazi saba zilirudishwa kwa warithi wa Grünbaum kupitia ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan. Kesi za aina hii hutegemea nani alinunua nini, lini, kwa nani. Aliyeandika ankara ya mwaka 1956 hakuwa na wazo kwamba anaandika ushahidi.

Kwa nini basi nyaraka nyingi hupotea? Kwanza hakuna anayelazimishwa kuzitunza. Mamlaka ya kodi ya Marekani kwa kawaida hutaka kumbukumbu za miaka mitatu, na katika baadhi ya hali hadi saba. Baada ya hapo mhasibu humwambia mwenye duka kwamba yuko huru kuzitupa, na kwa kuwa pango la Manhattan ni la kutisha, kila kabati linahesabiwa. Sheria ya kodi ya mwaka 1969 nayo ilizidisha. Tangu hapo mtu anayetoa zawadi barua alizoziandika au alizoandikiwa yeye mwenyewe hapati nafuu ya kodi kwa kadiri ya bei yake sokoni. Walengwa walikuwa hasa wanasiasa na makabrasha yao ya ofisini, lakini wavu ukazoa hadi wasanii na wauza sanaa. Aliye hai anaona heri kuuza, na anayeuza huuza kinachouzika.

Kisha kuna maji. Kimbunga Sandy kilipopiga New York usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012, maji ya Mto Hudson yalijaa vyumba vya chini vya nyumba za sanaa za Chelsea, na huko chini ndiko kulikokuwa na makabrasha, kwa sababu ghorofa ya juu ni ya kuuzia. Na karatasi ina maradhi yake hata pakiwa pakavu. Nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba hugeuka kahawia na kuvunjika kama jani kavu. Vibanio vya chuma hutoa kutu inayotoboa kurasa. Faksi za miaka ya 1980 na 1990, zilizochapwa kwa joto, hufifia hadi ukabaki na karatasi tupu, na huo ulikuwa wakati ambapo sehemu kubwa ya mikataba ya biashara hii ilipita kwa faksi. Ushauri ni rahisi: inakili faksi leo, kwa kuwa mwaka ujao itakuwa imefifia zaidi.

Nyaraka za sasa zinanitia hofu zaidi. Nyumba nyingi huweka bohari yao kwenye programu ya kulipia kila mwezi, na barua pepe kwenye seva ya kampuni nyingine. Nyumba ikifungwa, malipo hukoma, na akaunti hufungwa bila mtu kubeba hata sanduku moja. Kontena la taka nililolisema hapo juu angalau lilionekana, na mtu angeweza kupiga kelele.

Kuna pingamizi ambalo nalikubali kwa sehemu: wanunuzi waliahidiwa siri. Dawa yake ni kuzifunga nyaraka kwa muda, maana mkataba wa kukabidhi unaweza kusema kwamba majina na bei visisomwe kwa miaka 25 au zaidi, na wahifadhi wamezoea masharti hayo. Wala sidai kwamba kila kipande kibaki. Makasha ya kadi za mwaliko zilizosazwa hayana kazi. Bakiza tatu, nyingine zitupwe bila majuto.

Ninachokitaka kwa mwenye nyumba ya sanaa ni maamuzi machache akiwa bado na nguvu. Aandike katika wosia nani atapokea nyaraka, na kwamba zisigawanywe. Kadi za bohari na barua zikae pamoja kwa mpangilio uleule zilizotumiwa nao, maana namba za upande mmoja husomwa kwa msaada wa upande wa pili. Programu ya bohari itolewe nakala kila mwaka kwenye faili la kawaida linalofunguka bila kulipia, na nywila ziwe kwa mtu wa pili anayejulikana. Na asingoje kuwa maarufu. Just Above Midtown, nyumba ya wasanii weusi aliyoifungua Linda Goode Bryant New York mwaka 1974, iliishi kwa madeni na kufungwa mwaka 1986, lakini mwaka 2022 Museum of Modern Art iliifanyia maonyesho makubwa. Nyumba ya namna hiyo, ikiwa imezungukwa na wadai siku ya mwisho, ndiyo iliyo karibu zaidi na kontena la taka.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Waandishi wako watakapoandika tena kwamba nyumba fulani ya sanaa ya New York au Los Angeles imefungwa milango, waulize pia madaftari yake yamekwenda wapi.

Wako,
Msomaji na mtunza nyaraka,
New York