Mwanangu, Vile Vidonge vya Goti

Mwanangu,

Salaam aleikum. Sisi huku Lamu wazima. Baba yako kesha toka kwenda barazani, nami nimekaa dakani na kalamu.

Habari ya operesheni ya kupunguza tumbo nimeipokea, wala sikupingi. Idi ulipokuja nilikuona ukipanda ngazi huku umeshika ukuta kama marehemu bibi yako. Lakini nilipokukunjia nguo nilikuta bahasha ya kaki, juu imeandikwa 1x3, ndani vidonge sita vya maumivu vimebaki, diklofenaki. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya wageni.

Je, daktari wako anavijua? Kunificha mimi si neno. Yeye mwambie kabla hujalazwa: vidonge gani, vingapi kwa siku, tangu lini, na vile unavyopewa na mashoga zako pia. Diklofenaki, Brufen na aspirini ni ukoo mmoja, zote hudhoofisha utando wa tumbo. Ukishafanyiwa mchepuko, yaani hiyo operesheni yako, kijitumbo kinachobaki huungwa na utumbo, na pale penye muungo ndipo kidonda hupenda kuchimba. Wala usidhani ukidungwa sindano tumbo limesalimika. Dawa huzunguka na damu, ikafika kule kule.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Goti langu nililimezea miaka miwili, na dukani hapana aliyeniuliza hata siku moja kama nimekula. Nikaja kupata choo cheusi kama lami, kumbe tumbo linavuja damu. Usiku ule wa boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo bara, mimi nimelazwa juu ya mkeka na baba yako ananimulikia uso kwa tochi ya simu, ulikuwa mdogo, sijui kama unaukumbuka.

Basi mkubaliane mapema goti litatulizwa na nini, maana uzito hautashuka kwa wiki moja na goti halitangoja. Wengi huanzishiwa Panadol. Hiyo nayo ina mpaka: vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa siku, na daktari akikwambia pungufu, shika lake. Tena soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina dawa hiyo hiyo ndani. Na vidonge vile vya kuyeyuka polepole uliza kwanza, tumbo likishakatwa huenda visifanye kazi sawasawa. Usivisage kwa akili yako.

Jambo jingine, usione haya kusema unakoroma. Dawa kali za jamii ya mofini hupunguza pumzi, na anayekatikwa na pumzi usingizini humlemea zaidi. Daktari wa nusukaputi akijua, atakupimia kiasi na atataka uangaliwe usiku. Mumeo aulizwe, shahidi ni yeye. Hata sisi chumba cha pili tulikusikia.

Ukizinduka, bega likikuuma usishtuke ukadhani wamekosea mahali pa kukata. Ni ile hewa wanayojazia tumbo ili waone ndani. Inuka utembee kidogo kidogo wakikuruhusu. Lakini maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, au moyo ukikwenda mbio, au homa ikipanda, waite hapo hapo. Usijikaze.

Nitakuja siku mbili kabla. Uji nitakupikia mimi, mwepesi, kama watakavyosema. Na ile bahasha ya kaki uitoe mkobani, niikute mezani, tuibebe pamoja kwa daktari.

Mamako