Mwalimu aliyekulia ufukara asiachwe peke yake kijijini

Mhariri,

Kijana aliyesoma kwa taabu hadi akapata ualimu, kisha akapangiwa shule ya kijiji maskini, mara nyingi huvunjika miezi ya mwanzo. Si kwa kukosa moyo. Mshahara wa kwanza ukichelewa hana akiba, na nyumbani wameshaanza kumtegemea. Posho ya kujikimu apewe siku anaporipoti.

Darasani ana hazina: anajua kwa nini mtoto hakuja. Penseli ikatwe vipande viwili, vichongwe, vikae kwenye kopo shuleni. Vikienda nyumbani huishia kwa wadogo wa mtoto huyo. Hesabu ziwe kipindi cha kwanza, kwani kufika saa nne mtoto aliyekuja na njaa husinzia, na bila haki huitwa mvivu.

Ubao ukipauka, saga mkaa, chekecha kwa kitambaa, changanya na uji mzito wa wanga. Paka mara mbili, mpako wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Uji mwepesi hufanya rangi ibanduke na kifutio.

Madarasa mawili yakibanana chumba kimoja, yapeane mgongo, kila moja na ubao wake. Fundisha moja dakika 20, lingine lifanye zoezi lililoandikwa kabla ya kengele. Ukiliandika watoto wakisubiri, kelele huanzia hapo.

Na tafadhali, mtoto mwenye sare iliyochanika asirudishwe nyumbani. Sindano na uzi viwe mezani kwa mwalimu.

Sisi walimu wa shule za vijijini